Kiabakari kwa Jicho la Rosemary Karuga

Basi la Mwanza kwenda Sirari halikai Kiabakari. Linasimama kando ya lami muda wa kumshusha mama mmoja na ndoo zake, kupakia vijana wawili watatu, na kuwapa wauza mahindi nafasi ya kuinua mabeseni hadi usawa wa madirisha, kisha hao, wanaelekea Makutano. Abiria wengi hawanyanyui hata macho. Nyuma yao wameacha Serengeti iliyochungulia barabarani pale Ndabaka, mbele yao ipo njia ya Musoma, kwenye ziwa, na katikati ya hayo mawili wanakuambia hakuna kitu. Mimi nasema kipo, tena kingi. Aliyenifundisha kukiona ni mwanamke wa Meru, Kenya, aliyekuwa akitengeneza picha kwa karatasi za sabuni.

Nitamfikia. Kwanza mawe.

Ukitoka barabara kuu kufuata njia za vumbi zinazoelekea Butiama, mawe yanakupokea mapema. Mengine makubwa kuliko nyumba ya vyumba vinne, yamekaa juu ya wenzao kama yaliyowekwa na mtu, lakini hakuna aliyeyaweka. Hiyo ni granaiti iliyoganda chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita, enzi ambazo nchi kavu haikuwa na jani wala mnyama. Udongo wa juu ulimomonyoka, mwamba ukajitokeza, maji yakaingia kwenye nyufa. Pembe ndizo zilizoliwa kwanza kwa kuwa zinashambuliwa kutoka pande zote, na jiwe lililokuwa la mraba likabaki mviringo. Watu wa huku wamejenga katikati ya mawe hayo bila kuyaondoa. Utakuta mji una uzio wa minyaa na katani, zizi la ng'ombe, nyumba ya bati, na upande wa nne umezibwa na jiwe moja tu lililotosha kuwa ukuta. Mchana linatoa kivuli, usiku linatoa joto.

Jiwe hilohilo ndilo uwanja wa kuanikia. Asubuhi moja nilipanda mwamba mpana, umelala kama mgongo wa ng'ombe, nikakuta nusu yake imejaa vipande vya muhogo. Mwenyewe alikuwa amechuchumaa ukingoni anavigeuza kimoja kimoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pita huku, usinikanyagie udaga wangu."

Nikazunguka. Akanieleza kazi yake bila kuacha kugeuza. Muhogo huu ni mchungu, ukiula hivihivi unakuua. Humo ndani mna sumu ya sianidi. Unaumenya, unaulundika mahali pamoja, unaufunika vizuri, unauacha uvunde siku kadhaa hadi uote ukungu. Hapo unakwangua ukungu, unauvunjavunja, unauleta juu ya jiwe upigwe jua. Sumu inaondoka na maji yake. Ukikauka unasagwa, na ugali wake, peke yake au ukichanganywa na mtama, ni mweusi kidogo, mzito, wenye harufu ambayo mtu wa Dar es Salaam hukunja uso akiinusa mara ya kwanza. Mtu wa Mara akiukosa wiki moja haoni kama amekula.

Nilibaki natazama jiwe. Vipande havikuwa na rangi moja. Vya jana vilikuwa vyeupe kama chokaa, vya juzi vimeanza kuwa vya manjano, na vilivyotoka kukwanguliwa vilikuwa na madoa ya kijivu na weusi wa ukungu uliobaki. Alivipanga kwa umri wake ili ajue vipi vya kuondoa kwanza, na kule kupanga kulikuwa kumechora kitu juu ya mwamba: ukanda mweupe, ukanda wa manjano, ukanda wa madoa, na katikati njia nyembamba ya jiwe tupu aliyoiacha ya kupitishia miguu. Vipande vidogo, kila kimoja na rangi yake, vimelazwa jirani na jirani hadi vinakuwa umbo. Hivyo hasa ndivyo alivyofanya kazi Rosemary Karuga.

Alizaliwa Meru mwaka 1928. Mwaka 1950 akaingia Chuo cha Makerere, Kampala, kusomea sanaa, mwanafunzi wa kwanza wa kike katika shule ile. Shule yenyewe ilikuwa bado changa. Mwanzilishi wake alikuwa Margaret Trowell, Mwingereza, mke wa daktari, aliyeanza kwa kufundisha wanafunzi wachache barazani kwake katika miaka ya 1930. Trowell alikuwa na msimamo ambao kwa wakati wake haukuwa wa kawaida: hakutaka wanafunzi wake wakariri picha za Ulaya. Alikuwa akiwasimulia jambo, kisha wao wachore wanavyoliona kutoka kwao, kutoka vijijini walikokulia. Katika mikono hiyo walipita Gregory Maloba wa Kenya, Sam Ntiro wa Machame na Elimo Njau wa Marangu, na majina ya wanaume hao ndiyo yaliyojaa katika maelezo ya sanaa yetu ya kwanza. Karuga alisoma palepale, akajifunza kuchora, kufinyanga na kuchonga, akamaliza mwaka 1952.

Kisha miaka zaidi ya 30 ikapita.

Nataka msomaji asiruke sentensi hiyo. Alirudi Kenya akafundisha, akalea watoto, akaendesha nyumba. Rangi na brashi za msanii ni vitu vya fedha, na mwalimu mwenye watoto anajua fedha huenda wapi kwanza. Wanaume wa shule ileile wengine walikuwa mabalozi, wahadhiri, wachonga minara ya uhuru. Yeye alikuwa anasahihisha madaftari. Sisi tunaoandika habari za wasanii tunapenda maisha yaliyonyooka, kipaji kinaonekana utotoni na sifa zinakuja ujanani, na ndiyo maana maisha kama ya Karuga hutuponyoka mkononi. Wanawake wangapi wa aina yake wamezeeka na kipaji chao ndani ya sanduku?

Yeye alilifungua. Katika miaka ya 1980, umri wa kustaafu, alirudi kwenye sanaa. Kituo cha Paa ya Paa cha Nairobi, alichokianzisha Elimo Njau na wenzake mwaka 1965, kikampa nafasi ya kufanya kazi. Rangi bado hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni kile ambacho kila nyumba ya Afrika Mashariki inacho: karatasi za sabuni ya Rexona na pakiti za unga. Akazikata vipande vidogo vidogo, akavibandika kwa gundi, na humo wakatokea watu wa shambani, kuku, ng'ombe, ndege, mama na mzigo wake.

Fikiria ugumu wake. Mwenye rangi ya maji akitaka hudhurungi anachanganya. Mwenye karatasi hachanganyi kitu. Akitaka rangi ya ng'ombe lazima aikute imeshachapishwa mahali, kwenye kona ya pakiti fulani, na akiimaliza itabidi asubiri hadi unga uishe jikoni. Jicho la mtu wa namna hiyo linabadilika. Halipiti tena juu ya vitu. Linajua kwamba upande wa ndani wa pakiti una weupe tofauti na wa nje, kwamba kilichokaa juani kimepauka, kwamba pale karatasi ilipokunjwa pana mstari unaoweza kuwa kunjo la kanga begani. Mtu huyo akiingia Kiabakari hatasema hakuna kitu.

Mwaka 1990 Jumba la Studio Museum la Harlem, New York, liliandaa maonyesho ya wasanii wa Afrika wa wakati ule. Karuga alichaguliwa, mwanamke pekee kati yao, akiwa amevuka miaka 60. Mmoja wa waliokuwa naye ni El Anatsui, Mghana aliyekuwa akifanya kazi Nigeria, ambaye wakati huo alikuwa akichonga mbao na baadaye angesifika dunia nzima kwa nguo kubwa za ukutani alizozishona kwa vizibo vya chupa. Mama wa Meru alikwisha kufika katika wazo hilo la taka zinazogeuka utajiri, kwa njia yake, mezani kwake. Picha zake zikaonyeshwa Paris na London, akatengeneza pia za kusindikiza hadithi ya mlevi wa pombe ya mnazi ya Amos Tutuola. Alifariki Februari 2021 huko Ireland, akiwa na miaka 92.

Wamarekani nao wana mwanamke wao wa namna hii ya kutazama, ingawa maisha yake yalikuwa na nafasi zaidi. Georgia O'Keeffe, aliyezaliwa Wisconsin mwaka 1887, aliwahi kufundisha shule kule Texas kabla picha zake hazijaonyeshwa New York mwaka 1916. Mwaka 1929 alikwenda New Mexico, nchi kavu ya mawe, mifupa ya ng'ombe na nyumba za udongo ambazo wanawake huzikandika kwa mikono, na hatimaye akahamia huko hadi kufa kwake mwaka 1986. Kuna mlima pale, Pedernal, wenye kilele kilichokatwa bapa. Aliuchora tena na tena. Leo watu hupanda ndege kutoka pande zote za dunia kwenda kuutazama. Mlima haukuongezeka hata jiwe moja tangu mwaka 1929. Uliongezeka mtu wa kuutazama.

Nimeyasimulia haya kwa sababu Kiabakari ilitazamwa kwa muda mrefu na watu waliotaka kitu kimoja tu. Chini ya mawe haya kuna dhahabu. Enzi za Waingereza mgodi wa Kiabakari ulikuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya dhahabu ya Tanganyika, na mji ulikua kuuzunguka, pamoja na wafanyakazi waliotoka kila upande wa ziwa. Ndiyo maana hadi leo sokoni hapo utasikia Kizanaki, Kijita, Kiikizu, Kikurya, Kijaluo na Kisukuma kabla hujamaliza kununua nyanya. Katika miaka ya 1960 mgodi ukafungwa. Wenye kampuni waliondoka, na kwa hesabu zao Kiabakari ilikuwa imekwisha.

Wachimbaji wadogo wa Mara hawahesabu hivyo. Wana kitu wanachokiita marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya mawe kusagwa na dhahabu kutolewa. Mgodi huuona ni uchafu. Wao wanaurudia: wanauchekecha, wanauosha, wanaupitisha tena kwenye dawa, na wanapata chao, kwa sababu mashine ya kwanza haikuwa na subira. Niliwatazama vijana wakiosha. Mmoja anamwaga maji juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa gunia, mwingine anasambaza mchanga kwa kiganja, mchanga mwepesi unateremka na maji, ule mzito unanasa kwenye nyuzi. Kisha wanalikung'uta gunia ndani ya karai kwa uangalifu mkubwa. Kazi ni ngumu, na zebaki wanayotumia wengi wao ni sumu ambayo ningependa waachane nayo leo kabla ya kesho. Lakini kwa jicho lao, vijana wale ni ndugu wa Karuga moja kwa moja. Wanajua kwamba mwenye haraka huacha nyuma sehemu kubwa ya mali.

Kiabakari ina picha yake pia, na watu hutembea mbali kuifuata. Parokia ya Wakatoliki hapa, iliyolelewa kwa miaka mingi na mapadre kutoka Poland, ni mahali pa hija ya Huruma ya Mungu. Dominika ya kwanza baada ya Pasaka waumini hufika wakiwa na mikeka, sufuria na watoto mgongoni. Picha wanayoiheshimu ni ile ya Yesu mwenye miale miwili kifuani, mmoja mwekundu na mmoja mweupe. Asili yake ni sista wa Kipolandi, Faustina Kowalska, mtoto wa wakulima, aliyesema kwamba mwaka 1931 aliagizwa picha hiyo ichorwe. Yeye hakuwa na ujuzi wa kuchora. Miaka mitatu baadaye, mjini Vilnius, mchoraji Eugeniusz Kazimirowski akaifanya kazi, na sista akawa anakwenda kusimama karibu na kumwelekeza: mkono ushuke, jicho litazame chini. Inasimuliwa kwamba ilipokamilika alilia kwa kuwa haikufikia uzuri aliouona. Alikufa mwaka 1938, ana miaka 33. Mimi nilikaa kwenye benchi nikiwatazama wanawake wa Kizanaki wakipiga magoti mbele ya nakala ya picha iliyoanza kwa mwanamke asiyejua kushika brashi, nikaona kwamba wao hawakuuliza nani alishika brashi.

Kutoka hapo hadi Butiama bodaboda haikupi muda wa kuchoka. Njia inapanda taratibu, mashamba ya mihogo na mtama kushoto na kulia, hewa inapoa. Mwitongo, mahali pa mji wa Mtemi Nyerere Burito, ni kilima kidogo cha mawe na miti, na pimbi wanaota jua juu ya majabali bila kumwogopa mgeni. Hapo alizaliwa Julius Kambarage Nyerere mwaka 1922, na hapo ndipo alipozikwa mwaka 1999. Makumbusho yanayobeba jina lake yamejengwa palepale kijijini. Zimo zawadi alizopewa, nguo, picha za safari na za mikutano.

Niliingia nikiwa na Karuga kichwani, kwa hiyo nikakumbuka kwamba Mwalimu naye alisoma Makerere, kuanzia 1943 hadi 1945. Karuga alipopanda kilima cha Makerere mwaka 1950, yeye alikuwa ameshakwenda Edinburgh. Hawakukutana chuoni. Ila wote wawili walipelekwa kilima kilekile cha Kampala, na wote walirudi wakashika chaki. Katika chumba kimoja nilisimama mbele ya picha za viongozi wa mataifa waliopeana mikono naye, nikatamani ukuta mmoja wa makumbusho haya upewe wasanii: Ntiro, Njau, Karuga. Wageni wanaofika hapa kutoka shule za mkoa mzima wangeona kwamba uhuru ulikuwa pia na watu waliouchora, na kwamba mmoja wao alikuwa mama aliyehifadhi karatasi za sabuni.

Musoma nitaipita haraka, si kwa kuidharau. Ziwa lake halihitaji mtetezi. Nenda jioni ufukweni Makoko, mawe yaleyale ya Kiabakari yanaingia majini na kuwa visiwa vya ndege, na dagaa walioanikwa wanang'aa hadi unaziba macho. Kula sato wa kuchemsha na ndimu. Lakini ukiniuliza wapi ulale, nakurudisha Kiabakari. Jua la saa kumi na moja likipiga mawe kwa ubavu, kila jabali linapata pande tatu za rangi: nyekundu ya chungu upande wa jua, kijivu katikati, na buluu nzito upande wa kivuli, na chini yake vumbi la ng'ombe wanaorudi linaning'inia hewani. Inadumu kitambo kifupi sana. Uwe umekaa tayari.

Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, ndiyo mizuri kwa anayetaka kuona mihogo juu ya mawe na kupita njia zisizo na tope. Beba viatu vya kupandia miamba. Omba ruhusa kabla hujapanda, kwa maana karibu kila jiwe lina mwenyewe, na salamu kwanza, kamera baadaye. Kula kwa mama lishe wa kandokando ya lami, uagize ugali wa udaga na dagaa wa kukaanga na nyanya, usiagize wali.

Nilikokula mimi, mama lishe alikuwa na binti wa darasa la nne na mdogo wake wa kiume wanaomsaidia kuosha vyombo. Nikawaonyesha kwenye simu picha za Karuga. Hawakuuliza ni nani. Waliuliza gundi inauzwa wapi. Tukatumia uji mzito wa ngano, tukakusanya kilichokuwepo: pakiti ya majani ya chai, ya unga, ya sabuni ya kufulia, ya biskuti. Binti akakata mbuzi. Mwili wake ulitoka kwenye majani ya chai, jicho kwenye biskuti, pembe kwenye ule weupe wa ndani wa mfuko wa unga, ambao aliugundua mwenyewe bila mimi kufungua mdomo. Mama yake akaja akijifuta mikono kwenye kanga, akaitazama kazi kwa makini, akakemea:

"Mguu wa nyuma mfupi huo. Mbuzi gani anatembea hivyo?"

Binti akaubandua mguu kabla uji haujakauka, akamgeukia mdogo wake akamtuma dukani kwa jirani kuulizia kama kuna pakiti nyingine tupu ya chai.